Jibu: Kufuatilia nasaba ya ukoo wa makabaila, kwa mfano wa Tasso hadi Thurn und Taxis

Ndugu aliyeanzisha uzi huu anaandika tasnifu kuhusu ukoo mmoja wa makabaila wa Ulaya. Amepata mti wa nasaba uliochapishwa katika karne ya 17, na anauliza kama anaweza kuufanya msingi wa kazi yake. Ushauri wangu ni kwamba autunze vizuri, lakini asianzie hapo. Utafiti wangu wa shahada ulihusu historia ya posta barani Ulaya, na kwa sababu hiyo nilikaa muda mrefu na nyaraka za ukoo wa Thurn und Taxis, wenye makao yake hadi leo mjini Regensburg, kusini mwa Ujerumani. Nitaeleza kwa kutumia ukoo huo, kwa kuwa ndio ninaoufahamu.

Mti wao rasmi unaanzia kwa akina della Torre (jina linalomaanisha “wa mnara”), watawala wa Milano walioshindwa na akina Visconti katika mapigano ya Desio mwaka 1277. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alikimbilia milima ya Bergamo, kaskazini mwa Italia, akakaa kwenye mlima wa Tasso, na uzao wake ukachukua jina la mlima huo. Utaikuta nasaba hii katika kitabu cha Jules Chifflet kilichotoka Antwerp mwaka 1645. Kabla ya kuuliza kama ni kweli, uliza ni nani aliyeihitaji wakati huo. Leonhard II wa Taxis (Taxis ni Tasso kwa namna ya Kijerumani), mkuu wa posta, alifariki mwaka 1628, na mjane wake, Alexandrine de Rye, akaiongoza posta yote ya Dola Takatifu la Kiroma, yaani milki ya Kaisari iliyokuwa hasa Ujerumani, kwa niaba ya mtoto wao hadi mwaka 1646, katikati ya vita vya miaka 30. Huyu mama anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Alijua kwamba ukoo wake ulikuwa na mali na mikataba, lakini machoni mwa makabaila wa zamani ulibaki kuwa ukoo wa matarishi, na kwamba njia ya kufikia vyeo vya juu kabisa ilipita kwenye mizizi mirefu. Akawaagiza wataalamu wa nasaba waitafute mizizi hiyo, nao wakaileta. Mwaka 1650 Kaisari Ferdinand III aliruhusu jina jipya la Thurn und Taxis, ambamo Thurn ni della Torre kwa Kijerumani, na mwaka 1695 Leopold I akampandisha Eugen Alexander kuwa mtemi wa Dola. Kwa hiyo mti ule ni ushahidi mzuri sana wa mambo ya miaka ya 1640, na ushahidi dhaifu mno wa mambo ya karne ya 13.

Ngao ya ukoo inasema jambo hilohilo. Ngao za awali zina baragumu ya posta na mnyama wa jamii ya nyegere, ambaye kwa Kiitaliano huitwa tasso. Mnara wa akina della Torre unaingia pamoja na jina jipya, na yule mnyama anasogezwa kwenye ngao ndogo ya katikati. Ukiona ngao yenye mnara kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1550, kitilie shaka.

Sasa rudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka waraka ulio na uhakika hadi ule uliotangulia, na ufuate kazi yao kabla ya damu yao. Ukoo huu ulihama kwa sababu kazi iliwaita. Vitabu vya hesabu vya serikali ya Tirol, huko Innsbruck katika Austria ya leo, vinaonyesha malipo kwa watu wa ukoo huu tangu Kaisari Maximilian I alipoanzisha njia ya posta mwaka 1490 kutoka Innsbruck hadi Mechelen, katika Ubelgiji ya leo. Mkataba ambao Franz wa Taxis aliufunga na Philip wa Burgundy, mwana wa Maximilian, mwaka 1505 unataja muda kamili wa barua kufika: Brussels hadi Innsbruck siku tano na nusu wakati wa kiangazi, na sita na nusu wakati wa baridi. Waraka wa namna hiyo haukuandikwa ili kumsifu mtu. Hata hivyo unakuambia mwenye kazi ni nani, anaishi wapi, anamtumikia nani, na mara nyingi ndugu gani anatajwa kuwa mrithi wake. Franz alifariki Brussels mwaka 1517, na mpwa wake Johann Baptista akaendelea. Tawi jingine lilishika posta ya Hispania na kupata cheo cha kikabaila cha Villamediana, na mengine yalikuwa Venezia, Roma, Antwerp na Augsburg.

Mwanzo wenyewe uko Cornello, kijiji cha bonde la Brembana, juu ya Bergamo. Magari hayafiki, unapanda kwa miguu, na njia ya zamani ya wafanyabiashara na nyumbu inapita chini ya matao ya mawe, nyumba zikiwa zimejengwa juu yake. Ukisimama pale huhitaji mtawala aliyefukuzwa Milano ili kueleza ukoo huu. Watu walioishi juu ya barabara hiyo walijifunza kubeba mizigo na barua, na Bergamo ilipokuwa chini ya Venezia tangu mwaka 1428, soko la matarishi lilikuwa wazi mbele yao.

Kuhama kwao baadaye kuna sababu za kisiasa zinazoeleweka. Vita vya kugombea urithi wa Hispania viliwatoa Brussels hadi Frankfurt mwaka 1702. Mwaka 1748 wakahamia Regensburg, kwa kuwa Alexander Ferdinand alikuwa mwakilishi wa Kaisari kwenye Bunge la Dola lililokaa mjini humo. Posta yao ilichukuliwa na Prussia mwaka 1867.

Angalizo la tarehe, kwa maana limewapotosha wengi. Serikali ya Venezia ilianza mwaka tarehe 1 Machi, na Brabant, jimbo lenye mji wa Brussels, ilianza mwaka siku ya Pasaka hadi miaka ya 1570, hivyo waraka wa Januari unaweza kuwa wa mwaka unaofuata kwa hesabu yetu. Baada ya mwaka 1582, Papa aliporekebisha kalenda, miji ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti nchini Ujerumani ilitofautiana kwa siku 10 hadi mwaka 1700. Daftari za ndoa za parokia usizitegemee sana kabla ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuziagiza mwaka 1563. Kwa miaka iliyotangulia tafuta mikataba ya mahari na wosia kwa manotari, yaani waandishi wa hati za kisheria. Kuhusu vyeo, omba majalada ya ukabaila yaliyoko Vienna, na usome ombi la ukoo pamoja na hati ya Kaisari, kwa sababu ndani ya ombi ndimo utakapoona ni lini babu fulani alitajwa kwa mara ya kwanza.

Ukiweka hapa jina la ukoo na mji wa mwisho wenye waraka wa uhakika, nitakuelekeza kwenye hifadhi ya kuanzia.