Kioo kilisema mita 3, nikakosea mita 300

Juzi kaka mmoja kaniandikia: kachukua pointi za kiwanja chake kwa simu, kaanza msingi wa ukuta, sasa jirani anadai kaingiliwa. "Mbona simu ilionyesha kosa la mita 3 tu?" Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Hiyo mita 3 naijua vizuri.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya upimaji ardhi, huko Kibaha, mama mmoja mjane aliniita nimwonyeshe shamba la marehemu mumewe linaishia wapi. Alikuwa na ramani ya zamani, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Mimi nilikuwa na mashine ya mkononi ya GPS, ule mfumo wa setilaiti unaokuonyesha ulipo, ya kuazima, na kiburi cha cheti kipya. Nikaingiza namba za kwenye ramani, nikaanza kufuata mshale. Ukanivusha barabara, ukanitupa katikati ya mikorosho. Kioo: mita 3. Nikasimika vigingi vinne kwa madaha.

Jioni mwenye mikorosho alikuja na wanawe na mapanga. Mwenyekiti wa mtaa akanihoji mbele ya watoto wa shule. Yule mama hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, na ile elfu themanini yangu?"

Mashine haikuwa mbovu. Ramani zetu nyingi za zamani zimechorwa kwa msingi wa vipimo (pale namba za ramani zinapoanzia kuhesabiwa) uitwao Arc 1960, na GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zilezile katika misingi hiyo miwili huangukia sehemu mbili zilizoachana karibu mita 300. Kubadilisha ni kubonyeza mara mbili kwenye mipangilio. Aliyeniazima mashine alilijua hilo, akanyamaza. Sijamsamehe.

Na ile mita 3? Hayo ni makisio ya mashine yenyewe. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu, kila moja ikitangaza ilipo na saa ngapi. Kipokezi, yaani simu au mashine yako, hupima mawimbi yamechelewa kiasi gani, kikapata umbali. Mawimbi hayo hukimbia sentimita 30 kwa nanosekunde moja (sehemu moja ya bilioni ya sekunde), kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosa mita 300. Setilaiti zina saa za atomiki, sahihi mno. Simu yako ina saa ya bei rahisi. Ndiyo maana zinahitajika setilaiti nne: tatu za kukupata ulipo, ya nne ya kusahihisha saa yako.

Halafu kuna anga. Tabaka la ionosfia, huko juu kabisa angani, huchelewesha mawimbi, na sisi wa karibu na ikweta linatusumbua zaidi, hasa baada ya jua kuzama. Kuna bati: mawimbi yanagonga paa la jirani kwanza ndipo yaje kwako, mashine inadhani uko mbali zaidi na setilaiti. Kuna mwembe ambao vijana mnaukimbilia kwa sababu ya kivuli, na majani yake yanazuia mawimbi. Tokeni kivulini! Simameni peupe, subirini, angalieni setilaiti zimetawanyika angani au zimejazana upande mmoja. Mnapenda njia ya mkato, halafu mnalaumu teknolojia.

Kaka yangu, simu nzuri mahali peupe hukosea kama mita 5. Kiwanja chako ni 20 kwa 20. Robo ya upana imeondoka hapo. Acha kujenga ukuta kwanza, tafuta mpimaji aliyesajiliwa.

Leo natembea na vipokezi viwili. Kimoja nakiweka juu ya bikoni, alama ya upimaji iliyosimikwa ardhini, yenye pointi inayojulikana, kingine nazunguka nacho. Vyote viwili vinapotoshwa na anga ileile, kwa hiyo kosa la kile cha kwanza natoa kwenye cha pili, nabaki na sentimita chache. Nimevinunua kwa jasho langu, na sasa walionicheka ndio wanaokuja kuviazima.

Ile elfu themanini niliirudisha kwa mafungu, mwaka mzima. Mwenye mikorosho mpaka leo hanisalimii.