Dalili, kipimo au kiashiria cha sonona?

Swali: Mimi ni muuguzi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Tunaandaa kipeperushi cha ndugu wa wagonjwa, na rasimu yetu inasema: “Serotonini ikipungua katika damu, mtu hupata sonona, kwa hiyo kupima serotonini ni kipimo cha sonona.” Mwenzangu anapendekeza “dalili ya sonona.” Tushike lipi?

Jibu: Ndugu muuguzi, nashauri msishike lolote kati ya hayo mawili. Dalili ni kile anachokihisi mgonjwa au wanachokiona walio karibu naye, kama vile kukosa usingizi, kutofurahia tena mambo aliyoyapenda au kujiona hana thamani, na hakuna anayehisi kiwango cha serotonini, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za mwili, katika damu yake.

“Kipimo cha sonona” kina hatari kubwa zaidi. Mtu akiambiwa kipimo cha malaria, anajua kwamba atatobolewa kidole na kupewa jibu: wadudu wapo au hawapo. Akisikia “kipimo cha sonona” atategemea jibu la namna hiyohiyo, na damu ikionekana ya kawaida nduguze watamwambia kuwa haumwi, anadeka tu. Naliogopa sana jambo hilo, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo hatarudi tena kituoni.

Andikeni “kiashiria,” yaani kitu kinachopimika ambacho kinaweza kuelekeza kwenye ugonjwa bila kuuthibitisha. Hata hivyo, kwa serotonini ya damu, kiashiria chenyewe bado ni cha kuchunguzwa. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa katika utumbo. Ikiingia kwenye damu huhifadhiwa ndani ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, wala haivuki kwa urahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Isitoshe, dawa nyingi za sonona huzizuia chembe hizo kufyonza serotonini, hivyo kiwango chake katika damu huweza kushuka wakati mgonjwa mwenyewe anapata nafuu. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Joanna Moncrieff, daktari wa magonjwa ya akili wa London, na kuchapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini.

Kwa sababu hiyo tazameni pia vitenzi vyenu. Muundo wa “ikipungua, hupata” ndio tunaoutumia kwa mambo yasiyo na shaka, kama “mvua ikinyesha, ardhi hulowa”. -Ki- huweka sharti na hu- hulifanya tokeo kuwa kanuni ya siku zote. Utafiti haujafika huko. Kiambishi -ja- cha ukanushi kinawafaa zaidi, kwa maana kinasema jambo halijawa bila kuahidi kwamba litakuwa.

Mnaweza kuandika hivi: “Watafiti wanachunguza kama kiwango cha serotonini katika damu kinaweza kuwa kiashiria cha sonona, lakini jambo hilo halijathibitishwa. Mhudumu wa afya huitambua sonona kwa kuzungumza na mgonjwa na kuchunguza dalili zilizodumu kwa wiki mbili au zaidi.” Damu ikichukuliwa, elezeni kwamba ni kwa ajili ya kutafuta maradhi mengine yanayofanana na sonona, kama upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo.

Neno “sonona” libaki lilivyo. Msiweke “msongo wa mawazo” mahali pake, maana huo humpata hata mtu mwenye afya njema anayesubiri matokeo ya mtihani.