Koti imenitoa kwenye ufilisi, je deni limenitoka na mbele ya Allah?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi ni mtu wa Mombasa, nlikuwa na duka la hadiweya, mwaka 2020 corona ikanimaliza. Nlikuwa na loni ya benki, pesa za sacco, mabati nlochukua mali kauli kwa sapulaya, na laki moja na themanini za mzee mmoja wa msikitini kwetu, alinikopesha kwa mdomo tu hatukuandikiana. Nikaenda kotini mwenyewe, nikatangazwa mufilisi, mali ikauzwa ikagawanywa, na sasa miaka mitatu imepita nimepata dischaji, yaani koti kunitoa kwenye ufilisi, lawya akaniambia wewe huru, huna deni la mtu. Alhamdulillah nimepata kazi ya mshahara. Lakini yule mzee nikimuona alfajiri natokea mlango wa nyuma. Je, nadaiwa ama sidaiwi? Na ndugu yangu alioko Oman ataka kunipeleka Umra, naweza kwenda? Na kuna watu wasema mufilisi hafai kuswalisha, nami huwa naswalisha mtaani.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, manake mtu alopewa karatasi ya koti akaambiwa uko huru kisha bado roho yamuuma, huyo ana kheri ndani yake, wengi wakishapata ile karatasi wanafanya karamu.

Kwanza tuelewane karatasi yenyewe ni nini. Sheria ya ufilisi ya Kenya ya 2015 inasema mtu aliyefilisika anatoka mwenyewe baada ya miaka mitatu tangu apeleke taarifa ya hali yake ya pesa kwa ofisa msimamizi, kama hakuna aliyepinga, na akitoka wale waliokuwa wakimdai hawawezi tena kumshtaki kwa madeni yale ya zamani, isipokuwa vitu kama deni la utapeli na matumizi ya watoto na mke, hayo hayafutiki. Kwa hiyo lawya wako hakukudanganya, amekujibu swali la koti. Wewe waniuliza swali jingine.

Sasa kwetu. Ufilisi si kitu cha wazungu, vitabu vyetu vya fiqhi vina mlango mzima, waitwa mlango wa taflisi, na kadhi anamwekea mtu hajri, yaani anamzuia kuichezea mali yake, kisha inauzwa inagawiwa wenye kudai kila mtu kwa fungu lake. Na Mtume swalla Llahu alayhi wasallam alipata kesi kama yako kabisa, iko kwenye Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, mtu alinunua matunda yakapatwa na balaa, deni likamzidi, Mtume akawaambia watu mtoleeni sadaka, wakatoa, haikutosha deni lote, basi akawaambia wale wadai: chukueni mlichokikuta, na hamna ila hicho.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Husikia "hamna ila hicho" wakadhani deni limekwisha. Wanavyuoni wamelieleza kwamba maana yake ni kwa wakati ule, hamna haki ya kumfunga wala kumfuata nyumbani kwa kile asichokuwa nacho, lakini kilichobaki kiko kwenye dhima yake mpaka apate wasaa. Na aya ya 280 ya Suratul Baqara ndiyo hiyo hiyo, mdaiwa akiwa na dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Kungoja ni lazima, kusamehe ni hiari ya mwenye mali, na koti si mwenye mali. Kuna wanaosema benki inapokopesha inajua sheria ya nchi ina dischaji kwa hiyo ni kama imeridhia tangu mwanzo, mimi hoja hii hainitulizi, na hata ukiikubali kwa benki, yule mzee alokutolea pesa mfukoni kwake hakujua hata neno dischaji ni nini!

Kwa hiyo jibu ni kwamba wadaiwa, ila hukai na dhambi kwa miaka ile ulokuwa huna. Madhehebu yetu ya Shafi yamekupunguzia hata zaidi, baada ya mali kugawiwa mufilisi halazimishwi kutafuta kazi ili alipe kilichobaki, (wenzetu wa madhehebu ya Hanbali ndio wanasema akiwa na ufundi atafanya kazi alipe), isipokuwa kama deni lilitokana na maasia, hapo atalazimika kuchuma manake kulipa ni sehemu ya toba yake. Wewe umefilisiwa na corona si na kamari. Lakini sasa kazi unayo, hali imebadilika, na Mtume amesema mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhulma. Simaanishi utoe mshahara wote watoto walale njaa. Toa chakula, kodi ya nyumba, karo, matibabu, kinachobaki kata kipande kila mwezi hata kama ni elfu tatu.

Uanze na nani? Ulipokuwa chini ya hajri hukuwa na ruhusa kumlipa mmoja kwa siri ukawaacha wengine, na umefanya vizuri kutomlipa mzee kichinichini wakati ule. Sasa umetoka, mali ni yako, waweza kumtanguliza umtakaye. Mimi ningeanza na mzee, kisha sapulaya wa mabati, kisha sacco manake zile ni pesa za wanachama, walimu na wauza samaki.

Benki iko namna yake. Aya ya 279 imesema mkitubia mna rasilmali zenu, hamdhulumu wala hamdhulumiwi, kwa hiyo kinachokaa kwenye shingo yako ni ile pesa ulochukua tu, riba haimo. Kaa chini upige hesabu. Tuseme kwa mfano ulichukua milioni moja, ukalipa laki saba kwa awamu kabla hujaanguka, na kwenye mgao benki ikapata laki na nusu, mimi nakuhesabia imebaki laki na nusu, hata kama stetimenti yao ilisoma milioni nzima bado. Na kule kuingia kwenye riba kwenyewe kunataka toba, hilo walijua.

Turudi kwa mzee na mlango wa nyuma, manake hapa ndipo mimi naona ugonjwa wako uko. Bibi Aisha radhiya Llahu anha amepokea kwamba Mtume alikuwa kwenye swala yake akijikinga kwa Allah na deni, akaulizwa mbona wajikinga sana na deni, akasema mtu akiwa na deni husema akaongopa na huahidi akavunja. Wewe bado hujaongopa lakini umeshaanza kujificha, na kujificha ndani ya nyumba ya Allah! Mzee huyu hakwenda hata kudai kwa ofisa, pengine alikuonea haya. Mfuate, umwambie babu sheria imeniondolea lakini mimi najua pesa zako ziko kwangu, nina kadha kwa mwezi. Usimwombe msamaha wa deni wewe wa kwanza, ni kumtia aibu mtu mzima aseme sawa na moyo hautaki, anza kumlipa, akitaka kukusamehe atasema mwenyewe. Sahaba Kaab bin Malik alikuwa akimdai mwenzake mle mle msikitini sauti zikapanda, Mtume akafunua pazia akamuashiria Kaab apunguze nusu, akapunguza, kisha akamwambia yule mwingine simama ulipe. Punguzo na malipo vilikwenda pamoja siku hiyo hiyo. Na muandikiane safari hii, na mashahidi wawili, ukifa kesho warithi wako wajue.

Umra: kama ndugu yako anakata tiketi na hoteli mwenyewe, nenda, si pesa zako hizo, wala huna haja ya kumuomba ruhusa mtu. Lakini akikutumia keshi mkononi akasema fanya utakalo, hiyo imekuwa mali yako na deni ndilo la kwanza. Ningekuwa mimi ningemwambia ndugu yangu nisaidie laki ya mzee, Makka haihami. Na ukishindwa kabisa, wenye madeni wametajwa kwenye aya ya zaka, Tawba 60, usione haya kupokea.

Kuswalisha, swalisha. Ufilisi si ufasiki, na anayekusema muulize kitabu gani.

Kukopa tena si haramu, ila umwambie anayekukopesha historia yako kabla hajatoa pesa.

Ukishaonana na mzee niandikie alisema nini. Wallahu aalam.