Re: Mdogo wangu amepata nafasi Makerere, tuanzie wapi?

Salaam dada, na hongereni sana nyumbani. Umesema kijana ni wa kwanza kwenu kufika chuo kikuu, karo mtachangishana, ila baada ya barua ya kukubaliwa hamjui kinachofuata. Na mimi nilikuwa wa kwanza kwetu.

Kwanza kabisa tazameni jumla ya malipo, msiishie kwenye karo. Kuna ada nyingine za chuo zinazodaiwa pembeni, na nyingi huja mwanzoni. Familia nyingi hukwama hapo.

Mkipungukiwa, mpango wa serikali ya Uganda wa mikopo ya elimu ya juu, ulioanzishwa 2014, hukopesha wenye uhitaji. Lakini mkopo huo ni wa karo na ada za chuo. Chakula na malazi ni juu yenu. Kwa hiyo michango ya ukoo ningeielekeza huko. Vyumba vya Kikoni na Wandegeya viko karibu na chuo, ila akavione kwa macho yake kabla ya kutoa hata shilingi.

Kuhusu masomo, nalisema kwa uzito: chuoni hakuna mwalimu wa kumfuatilia kama kule S6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Akiona somo linamlemea, aende kwa mhadhiri wiki hiyohiyo, akaulize. Watoto wetu huona aibu, wakinyamaza mpaka mtihani unawaangusha na somo linarudiwa kwa gharama mpya.

Hujasema anasomea nini. Tuambie, huenda humu yupo aliyepitia kozi hiyo.