Kwa kijana wa Bukavu anayetaka kuacha masomo aingie katika huduma

Juma lililopita kijana mmoja wa Bukavu aliniandikia akiuliza kama aache masomo ya chuo kikuu, kwa kuwa amesikia wito. Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu mimi sikupata mtu wa kunijibu nilipokuwa na umri wake.

Nilianza huduma hapa Goma miaka michache baada ya mlipuko wa mlima Nyiragongo wa Januari 2002, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe ya volkano, ambamo mvua ikipiga mabati hakuna aliyesikia mahubiri. Nilikuwa nimeacha ushonaji, nikishikilia neno la Paulo kwamba wanaohudumu madhabahuni hupata fungu lao hapo. Sadaka haikutosha unga wa siku tatu, na ni mke wangu aliyetulisha kwa kuuza makaa mtaani Birere. Miaka minne nilihubiri imani huku nikitetemeka kila mwenye nyumba alipobisha hodi. Sikuwa nimesoma vizuri: katika sura ile ile ya 9 ya Wakorintho wa Kwanza, Paulo asema hakuitumia haki hiyo, na Matendo 18 yamwonyesha akishona mahema pamoja na Akila na Prisila.

Nilirudi kwenye cherehani. Wazee wawili wa kanisa walisema mchungaji anayeshona sokoni anawaaibisha, na maneno yale sijayasahau.

Kando ya meza ya kukatia nguo nilimlea mwanafunzi mmoja kwa miaka mitatu, tukisoma Injili ya Marko sura kwa sura. Mlima ulipolipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tukaamriwa kuondoka, yeye ndiye aliyeisukuma cherehani yangu juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi mji wa Sake. Mwaka uliofuata aliondoka na wanakwaya wetu karibu wote, akafungua kanisa lake mitaa miwili kutoka kwetu, bila kuniaga. Nimemsamehe, lakini Jumapili ninaposikia ngoma zao bado moyo wangu unauma.

Hata hivyo, huko Sake ndiko nilikoonja thawabu ya kazi hii. Nilishona bure nguo zilizochanika njiani, na waliokuwa wakingoja walikaa kwenye benchi wakisimulia waliyoyapoteza. Nami nilisikiliza zaidi kuliko nilivyosema, jambo ambalo mimbarani sikuwa nimelizoea. Tuliporudi mjini, saba kati yao walibatizwa katika Ziwa Kivu. Mmoja, mjane muuza samaki, ndiye sasa anayeongoza maombi yetu ya alfajiri, na anawajua wagonjwa wa mtaa kuliko ninavyowajua mimi.

Basi, mwanangu, maliza masomo. Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alisema kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Uwe na kazi ya mikono yako, usimwachie mkeo peke yake mzigo wa wito wako, na uanze kuwalea watu wawili au watatu katika imani huko huko chuoni, bila kungoja mimbari. Ukipata likizo, panda meli uje Goma. Benchi bado lipo, na kila Jumatano jioni tunasoma Marko.