Wino mwekundu kwenye ripoti ya Kiingereza: lipi kosa, lipi kero tu?

SWALI: Ndugu mhariri, kazi yangu ofisini ni kupitia ripoti za Kiingereza kabla hazijatoka. Juzi mkuu wangu alinirudishia moja ikiwa imejaa wino mwekundu. Penye "less people" amekata, kaandika "fewer". Penye "Every employee must submit their report" amefuta "their", kaweka "his". "To quickly finish" ameizungushia duara. Kisha kikaoni mwenzetu akatamka "aks" badala ya "ask", mkuu akamkatisha mbele ya watu wote. Mimi mwenyewe nakereka na "literally" inayopachikwa kila mahali, kwa hiyo siwezi kujifanya mtakatifu. Nisahihishe lipi, niache lipi? Na kanuni hizi nani alizitunga?

JIBU: Nianze na hilo la mwisho, maana ukishalijua hayo mengine hayatakusumbua sana. Kiingereza hakina baraza lenye mamlaka ya kutamka kwamba hili ni sahihi na lile ni kosa. Wafaransa wana Académie française tangu 1635. Kwa upande wa Kiingereza, mwandishi Jonathan Swift alipendekeza chombo cha namna hiyo mwaka 1712, na pendekezo likaishia hapo hapo. Kwa hiyo kanuni nyingi zinazogombanisha watu maofisini zilianza kama maoni ya mtu mmoja, tena mara nyingine tunamjua kwa jina.

Swift mwenyewe alikuwa na kero zake. Alichukia watu wanaomeza irabu kwenye neno kama "disturbed" na kulifanya silabi mbili, wakati yeye alitaka zisikike tatu. Alichukia pia "mob" (kundi la watu wa fujo), kwa kuwa lilikuwa kipande kilichokatwa kwenye maneno ya Kilatini. Leo mkuu wako akisoma ripoti kwa sauti, atameza irabu ile ile bila kujua kwamba angemtia Swift homa.

Sasa "fewer". Mwaka 1770 Robert Baker aliandika kitabu cha kukosoa matumizi ya Kiingereza, na humo akasema kwamba "less" hutumika sana kwa idadi, ila yeye anaona "fewer" lingefaa zaidi. Anaona! Hakusema kuna kosa, alisema kuna linalompendeza. Kabla yake Waingereza walikuwa wameitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika kwa karne nyingi, tangu maandishi ya Mfalme Alfred zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waliokuja baada ya Baker ndio waliogeuza pendekezo lake kuwa amri.

Hata hivyo kwenye ripoti rasmi mimi huandika "fewer people", nawe fanya hivyo. Sisi tunaosema "watu wachache" na "maji kidogo" tofauti hiyo tunaishika upesi. Tena msomaji anayekerwa na "less people" yupo, kama ulivyomwona, na akishakereka haendelei kusoma hoja, anawinda makosa mengine. Hatari iko kwa anayeishika kanuni kwa mikono miwili. Nilipoanza kazi hii nilipitia ripoti ya mhandisi mmoja, nikabadilisha kila "less" iliyokuwa karibu na tarakimu. Ikarudi. Pale nilipoandika "fewer than 5 kilometres from the river" alikuwa ameandika pembeni: "Kilomita hizi mnazihesabu moja moja kama mayai?" Alikuwa na haki. Umbali, muda, fedha na uzito, hata vikitajwa kwa tarakimu, huchukuliwa kama kiasi kimoja: "less than 5 kilometres", "less than three years", "less than 200 dollars". Vivyo hivyo "in 50 words or less", ambayo imeshakuwa msemo. Ukiweka "fewer" hapo utakuwa umeharibu sentensi iliyokuwa nzima, na hilo ni baya kuliko kosa ulilokuwa ukilikimbia.

Kwenye "their" mkuu wako amekosea, ingawa sikushauri umwambie kwa maneno hayo. Kuitumia kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia kumeonekana kwenye maandishi tangu 1375 hivi, na Shakespeare na Jane Austen walifanya hivyo bila wasiwasi. Kulazimisha "his" kumwakilisha kila mtu ndiko kulikokuja baadaye, kupitia vitabu vya sarufi vya karne ya 18. Mwaka 1850 bunge la Uingereza likapitisha hata sheria iliyosema kwamba kwenye sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawahusu pia wanawake. Sisi wenye "yeye" isiyouliza mtu ni mke au mume tunaweza kuwatazama tu na kuwaonea huruma. Wahariri tuna njia ya mkato: geuza sentensi iwe wingi. "All employees must submit their reports." Hakuna wa kulalamika, si mkuu wako, si yule ambaye "his" ingemkera.

"To quickly finish" isikupotezee muda. Mkuu wako amekerwa na neno "quickly" kupachikwa kati ya "to" na kitenzi. Mwandishi Henry Alford aliilalamikia desturi hiyo mwaka 1864, na kufikia 1926 H. W. Fowler, mtunzi wa kamusi ya matumizi ya Kiingereza, alishakuwa akiwacheka walioiogopa. Hapa "finish quickly" inakaa vizuri, basi hamisha, uendelee na kazi. Ila ukikuta "We plan to more than double production", usiiguse. Jaribu kuiondoa "more than" hapo katikati uone kama una pa kuiweka.

Tuje kwenye "aks", ambako nina la kusema zaidi, kwa sababu hapo hayakuguswa maandishi, aliguswa mtu. Kiingereza cha Kale kilikuwa na maumbo mawili ya kitenzi hiki, "ascian" na "acsian", na yote mawili yalikuwa halali. Chaucer, mshairi wa karne ya 14, aliandika "axe". Konsonanti kupishana namna hiyo ni jambo la kawaida katika lugha hiyo: "bird" ilikuwa "brid", na "third" ilikuwa "thrid", ndiyo maana ukiitazama vizuri bado unaiona "three" imejificha ndani. Kwenye maneno hayo umbo lililopinduliwa ndilo lililoshinda, na leo hakuna anayelicheka. Kwenye "ask" mambo yalikwenda upande wa pili. "Ask" ikawa ya shule na vitabu, na "aks" ikabaki vinywani mwa watu, wakiwamo Wamarekani weusi na watu wengi wa visiwa vya Karibi. Anayelisikia neno hilo na kukunja uso kwa kawaida anamkunjia uso msemaji, siyo sauti.

Matamshi yana mzaha wake. Mshairi Samuel Rogers, aliyefariki 1855, alilalamika kwamba watu wameanza kutia mkazo mwanzoni mwa "balcony", wakati yeye aliuzoea kwenye silabi ya pili. Alisema tamko hilo linamtia kichefuchefu. Leo ukilitamka kama Rogers, watadhani ndio kwanza umejifunza Kiingereza juma lililopita.

Basi matamshi ya mwenzako usiyasahihishe kikaoni, na usikubali yaingie kwenye kazi yako. Wewe unahariri maandishi, na kwenye maandishi hakuna aliyekosea: aliandika "ask", kama kila mtu.

"Literally" nakuunga mkono nusu. Kuitumia kutilia mkazo si uvivu wa vijana wa leo. Mwandishi wa riwaya Charles Dickens alishafanya hivyo mwaka 1839. Maneno yenye maana ya "kweli" huchakaa hivyo. Hata "very" ilitoka kwenye neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya "kweli", na "really" inafuata njia hiyo hiyo. Mtu akisema "I literally died", hakuna atakayekwenda kutafuta sanda. Kwenye ripoti mimi huifuta kwa sababu haina kazi inayofanya, isipokuwa sentensi ikiwa na njia mbili. "The office was literally flooded" nimewahi kuikuta kwenye barua ya kudai bima. Yalikuwa maji au malalamiko ya wateja? Hapo humpigii mwandishi alama nyekundu, unampigia simu.

Liko kosa ambalo sina huruma nalo: "could of". Limezaliwa na sikio, maana "could've" inasikika hivyo, lakini "of" hapo haina maana yoyote. Futa bila kuuliza. Na nina kero yangu binafsi: bado natenganisha "disinterested" (asiyependelea upande) na "uninterested" (asiyejali), kwa sababu hakimu nataka awe wa kwanza na sitaki kabisa awe wa pili. Wengi wameacha kutofautisha. Najua nitashindwa, ila bado nasahihisha.

Ripoti yako irudishe ikiwa na "fewer people", "All employees" na "finish quickly". Na yule mwenzako aliyekatishwa, mtafute pembeni umwambie kwamba Biblia ya Kiingereza ya Coverdale, iliyochapishwa 1535, ilipofika kwenye "Ombeni, nanyi mtapewa", iliandika "axe".