Mkimya anaweza kuuza: niliyojifunza kwenye dagaa, Kirumba

Mdogo wangu uliyeuliza kama mtu asiyeweza kujirekodi video wala kuita wateja sokoni ataiweza biashara ya dagaa: ataiweza. Mimi ni mkimya tangu utotoni, na huu ni mwaka wangu wa 6 nauza dagaa hapa Mwanza.

Mwanzoni kila mtu aliniambia nichangamke. Nikarekodi video 3, nikazifuta usiku uleule. Mzigo ukakaa stoo mpaka ukaanza kubadilika rangi.

Aliyenifungulia njia ni mteja wa Dodoma aliyepiga simu kulalamika kwamba dagaa wangu wana mchanga. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikachukua bakuli jeupe la maji, nikatia konzi moja ya dagaa, nikakoroga taratibu, nikawatoa. Maji yalipotulia, mchanga ulibaki chini, unajaa kijiko cha chai. Mama wa watu alisema kweli. Wale walikuwa wameanikwa chini ufukweni. Nikatafuta waliokaushwa kwenye chanja, nikarudia bakuli lilelile: chini peupe. Nikapiga picha zote mbili, unaonekana mkono wangu tu, nikaweka status: "Hawa wa mchangani, hawa wa chanjani. Ndiyo maana bei hazilingani." Siku hiyo waliniandikia watu 11.

Tangu hapo nawaeleza wateja ninachokijua. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawafuati taa za wavuvi vizuri, mzigo unapungua na bei inapanda. Basi naandika mapema: wiki ijayo mwezi mpevu, anayetaka akiba achukue sasa. Mvua zikishika, dagaa hawakauki sawasawa, nasema wazi kwamba hawa si wa kuweka muda mrefu. Siku hizo nauza kidogo, lakini wanarudi.

Nina daftari pia. Nani ana mgahawa, nani anasagia watoto uji wa lishe, nani hapendi dagaa wakubwa. Nikipata mzigo unaomfaa, namwandikia yeye peke yake. Simu napokea saa nane hadi saa kumi mchana, meseji najibu zote. Hakuna aliyenuna.

Itachukua muda, usikope kwa kutegemea mauzo ya mwezi wako wa kwanza.

Ukienda Mwaloni, soko la dagaa la hapa Kirumba, alfajiri, beba bakuli lako na chupa ya maji, pima kabla hujalipa. Siku ya kwanza watakushangaa. Baada ya siku chache kuna atakayekuita mwenyewe: "Dada, njoo upime hawa."